Nina milioni 15 za ziada: niziweke kwenye sanaa ya kisasa?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Naishi Ilazo hapa Dodoma, ni mtumishi wa umma na nimebakiza kama miaka kumi kustaafu. Nina viwanja viwili, kimoja Nzuguni na kingine Iyumbu, hatifungani za milioni 30 na akiba kidogo kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT. Sasa nimepata milioni 15 nyingine. Mdogo wangu aliyeko Dar ananishawishi niingie kwenye sanaa ya kisasa. Kanionyesha mchoro wa kijana mmoja galarini, bei milioni 12, na programu ya simu inayouza "vipande" vya michoro maarufu ya Ulaya na Marekani. Anasema matajiri wote wana sanaa kwenye mali zao. Je, inalipa? Na mtu wa Dodoma anaingiaje?

JIBU: Salama, dada. Mdogo wako hajakudanganya. Matajiri wengi wana sanaa, na benki kubwa za nje zina watu maalumu wa kuwashauri kuhusu michoro yao. Alichoruka ni kwamba wengi hao walinunua wakiwa wameshatajirika, kwa fedha ambazo zikikaa ukutani miaka ishirini bila kuzaa hakuna ada ya shule itakayokwama. Wewe una miaka kumi, halafu pensheni. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu mwenye miaka kumi.

Tupige hesabu kwanza. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa miaka 20 au 25, kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikitoa riba ya kuanzia asilimia 12 hadi 15 na ushee kwa mwaka, kutegemea umeingia lini. Tuchukue ile ya chini. Milioni 15 zako kwa asilimia 12 zinakupa milioni 1.8 kila mwaka, nusu yake kila baada ya miezi sita. Kwa miaka kumi hizo ni milioni 18, na mtaji wako bado uko. Jumla 33. Ukiwa na nidhamu ya kuirudisha kila kuponi, yaani malipo ya riba ya kila miezi sita, kazini kwa riba ileile, unafika milioni 48.

Sasa weka mchoro kwenye mizani hiyohiyo. Ukitaka kuuza baada ya miaka kumi utalipa kamisheni ya muuzaji, usafirishaji, bima ya safari na gharama ndogondogo za picha na makaratasi. Tuseme vyote vinakula asilimia 15, na hapo nimekuwa mpole. Ili ubaki na 33 mkononi, nyundo ya mnada inabidi igonge karibu milioni 39. Ili ulingane na yule aliyerudisha kuponi zake, igonge karibu 57. Yaani mchoro wa milioni 15 upande zaidi ya mara tatu na nusu ndiyo uwe umefanana na karatasi ya serikali ambayo hukuipangusa vumbi hata siku moja. Na katika miaka hiyo kumi mchoro haukukupa hata senti ya kununulia unga.

Kuna jambo moja linaloitetea sanaa hapa, nalo si dogo. Msanii akishakuwa na soko la nje, kazi yake inauzwa kwa dola au pauni. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,600, na mwaka 2023 ikapita 2,500. Aliyekuwa na kitu kinachouzwa kwa dola alipata ongezeko hilo bila kufanya chochote, wakati wa hatifungani alikuwa analipwa kwa shilingi ileile inayoyeyuka. Ila neno zito hapo ni "akishakuwa na soko la nje". Wengi hawalipati.

Utafiti wa kimataifa nao hauleti miujiza. Wachumi Luc Renneboog na Christophe Spaenjers walipitia mauzo ya mnadani zaidi ya milioni moja ya kati ya 1957 na 2007, wakakuta faida ya wastani, ukishatoa mfumuko wa bei, haifiki asilimia 4 kwa mwaka. Wenzao wengine, Korteweg, Kräussl na Verwijmeren, walitoa kazi yao mwaka 2016 wakiuliza swali zuri zaidi: kazi zinazoonekana mnadani ni zipi? Ni zile ambazo mwenye nazo ameona zimepanda, akaamua kuziuza. Zilizododa ziko stoo, hazihesabiwi. Waliporekebisha kasoro hiyo, faida ya mwaka ilishuka kutoka asilimia 8.7 hadi 6.3. Kumbuka hilo kila mtu anapokuonyesha jedwali la "sanaa imeshinda soko la hisa".

Kuna mfano mwingine ambao wewe kama mtumishi wa umma utauelewa haraka, kwa sababu ulihusu pensheni. Mwaka 1974, mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli wa Uingereza, mfumuko wa bei ukiwa umepamba moto, uliamua kuweka fedha kwenye sanaa. Uliweka takribani pauni milioni 40, ukanunua vitu zaidi ya elfu mbili vya kila aina, huku ukishauriwa na wataalamu wa kampuni ya mnada ya Sotheby's. Haukupata hasara. Lakini ukichambua faida yake unakuta sehemu kubwa ilitoka kwenye fungu dogo la michoro ya Kifaransa ya karne ya 19, iliyouzwa London mwaka 1989 wakati fedha za Wajapani zimechemsha soko. Vitu vingi vilivyobaki vilijikongoja tu. Kama mfuko wenye washauri na pauni milioni 40 ulibebwa na kazi chache za aina hiyo, mtu mwenye mchoro mmoja wa milioni 12 anabahatisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linaamua kila kitu, na watu wanaouza huwa hawaligusi: mlango wa kutokea. Nani atakununulia?

Chukua hati ya kiwanja chako cha Iyumbu uende benki yoyote hapa jijini, watakusikiliza. Hatifungani, ukibanwa, unamuuzia mwekezaji mwingine kwenye soko la pili kupitia dalali wa hisa, au unaiweka rehani. UTT unajaza fomu ya kuuza vipande, baada ya siku chache fedha iko kwenye akaunti. Mchoro je? Hapa nyumbani hatuna mnada wa mara kwa mara wa sanaa ya kisasa. Wa karibu uko Nairobi, ambako galari ya Circle Art walianza kuendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki mwaka 2013. Ukivuka hapo unazungumzia miji ya mbali kama London na Paris. Galari uliyonunulia haitakurudishia fedha. Ikiwa na roho nzuri itakubali kuuweka mchoro wako ukutani mwao usubiri mnunuzi, na akipatikana wachukue fungu lao. Na fungu la galari si dogo. Kwa kazi mpya, kugawana nusu kwa nusu na msanii ni jambo la kawaida duniani kote. Maana yake, katika milioni 12 unazotoa leo, huenda sita zimeshakwenda kwenye kodi ya pango, taa na mishahara ya galari. Hakuna ubaya, ndiyo biashara. Ila usijidanganye kwamba siku unatoka mlangoni na mchoro kwapani una mali ya milioni 12.

Usinielewe vibaya ukadhani nasema Watanzania hatuna wasanii. Sam Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923 na kusoma Makerere, mchoro wake wa watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi ulinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York, mwaka 1960, kabla hatujapata uhuru. George Lilanga, Mmakonde aliyekulia kisanaa pale Nyumba ya Sanaa, alifariki 2005 akiwa ameshakusanywa Ulaya kwa miaka mingi. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, picha aliyojichora mwenyewe ilichukuliwa na jumba la picha za watu la National Portrait Gallery, London, mwaka 2022. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Na mwaka 2024 Tanzania ilishiriki kwa mara ya kwanza na banda lake kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia.

Lakini tazama fedha zilikopitia. Nicodemus na Himid wamejengewa jina Ulaya. Sungi Mlengeya, binti aliyeacha kazi ya benki mwaka 2018 akaamua kuchora wanawake weusi juu ya turubai jeupe, ametambulishwa duniani na galari ya Kampala. Msanii ni wetu, soko liko kwa watu. Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu kijana anayeuzwa milioni 12, sianzi na uzuri wa kazi yake. Naanza na nani nje ya Dar ameshamnunua.

Bei za vijana zina homa yake pia. Amoako Boafo wa Ghana, mchoro wake uliokuwa umenunuliwa kwa dola 22,500 ulipigwa mnada London Februari 2020 kwa pauni 675,000. Desemba 2021, Hong Kong, mwingine ukafika dola milioni 3.4. Kila mtu akataka Boafo, na baada yake kila kijana wa Afrika anayechora sura za watu. Miaka miwili mitatu baadaye soko la mnada la wasanii vijana wa kundi hilo likaporomoka, na walioingia mwisho wakabaki na picha za bei ya juzi. Waliokula ni wa mwanzo, nao waliuza haraka kiasi kwamba wakaitwa walanguzi. Galari zinawakumbuka walanguzi. Siku hizi nyingi zitakutaka usaini kwamba hutauza ndani ya miaka kadhaa, au ukitaka kuuza uwape wao kwanza. Soma karatasi hiyo kabla ya kulipa, maana inaufunga ule mlango wa kutokea niliousema.

Hii programu ya "vipande" nitaimaliza haraka. Hapa nchini, anayekusanya fedha za umma kwa ajili ya uwekezaji anatakiwa awe na kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Uliza kibali. Kisha uliza mchoro wenyewe uko wapi, umeandikwa kwa jina la nani, na nani anahesabu vipande. Inigo Philbrick, dalali kijana aliyevuma London na Miami, alihukumiwa kifungo cha miaka saba mwaka 2022 kwa ulaghai wa zaidi ya dola milioni 86. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kuuza hisa za mchoro mmoja kwa watu tofauti hadi zikazidi asilimia mia. Wateja wake walikuwa watu wenye mawakili. Sisi wa simu ya kiganjani tutamkamatia wapi? Achana nayo.

Ningekuwa wewe ningefanyaje? Milioni 12 ningeziongeza kwenye hatifungani au UTT bila kufikiria mara mbili. Tatu zilizobaki ningezigawa miaka mitatu, nikijifunza huku nanunua kidogokidogo, na ningezihesabu moyoni kama fedha iliyotoka. Kwa mali uliyonayo hiyo ni sehemu ndogo sana, ikipotea yote hulali njaa. Usikope SACCOS kwa ajili ya mchoro. Hata riba ikiwa nafuu.

Kwa milioni moja kwa mwaka kuna kazi za kununua. Wengi wanakimbilia turubai kubwa la rangi kwa sababu linajaza sebule. Mimi ningeanza na kazi za karatasi za wasanii waliokomaa: michoro ya kalamu, na hasa chapa za mbao. Msanii anachonga ubao, anaupaka wino, anachapa idadi maalumu kisha ubao haurudiwi. Chini ya picha utaona kwa penseli, kwa mfano, 3/20, yaani nakala ya tatu kati ya ishirini, na sahihi kulia. Lutengano Mwakisopile, anayejulikana kama Lute, mmoja wa waliopelekwa Venice 2024, ni mtu wa chapa za mbao. Chapa ya msanii mwenye jina inagharimu sehemu ndogo tu ya turubai lake, na kwa kuwa nakala ziko kadhaa, zikiuzwa mahali unaweza kulinganisha bei. Ukiona chapa haina namba, au msanii anakwambia "nitachapa kadiri zinavyotakiwa", hiyo nunua kwa kupenda tu.

Kuhusu Tingatinga, maana najua utaletewa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 akauawa kwa risasi 1972. Miaka minne tu. Kazi zake halisi ni chache, na feki zenye jina lake zimejaa. Mtu akikuletea Ilazo "Tingatinga mwenyewe, wa mzee" kwa milioni mbili, mpe chai aondoke. Kazi za wafuasi wake ni nzuri kutundika na wengine wana majina yao wenyewe, ila za kawaida za kuuzia watalii zinachorwa kwa mamia na bei yake kesho itakuwa ya leo. Vivyo hivyo viti vya Kigogo na vinyago vya zamani vinavyozunguka mitaani: hivyo si sanaa ya kisasa, na vitu vya kale vina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, huwezi kuvitoa nje bila kibali.

Kuingia si kugumu tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024. Panda ya asubuhi, nenda kituo cha wasanii cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar, siku ya maonyesho, ongea na wasanii kwenye vibanda vyao, rudi jioni bila kununua. Fanya hivyo mara kadhaa. Hapahapa UDOM kuna wanaosomea sanaa na usanifu. Kazi za mwisho wa chuo ni bei ya chini, na kati ya wengi labda mmoja ataendelea kuchora akifika miaka arobaini. Kwa hiyo nunua ndogo, ya unayempenda, ufuatilie anakwenda wapi. Ukishampata anayekua, mnunulie tena yeye kuliko kurukaruka. Kazi tano za mtu mmoja za miaka tofauti zinaeleweka kwa mnunuzi wa baadaye kuliko kazi tano za watu watano.

Kila ukinunua, siku hiyohiyo: risiti yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vipimo na vifaa, cheti cha uhalisi chenye sahihi, piga picha mbele na nyuma ya mchoro, hasa nyuma, kwenye maandishi na mihuri, jitumie vyote kwa baruapepe. Ikionyeshwa mahali, tunza kijitabu cha maonyesho. Bila historia ya umiliki hakuna mnada utakaokupokea, hata kama msanii mwenyewe yuko hai na anakufahamu. Na kumiliki mchoro hakukupi hakimiliki. Ukiuchapa kwenye kalenda ya taasisi yako bila ruhusa, msanii ana haki ya kukushtaki.

Halafu kuna nyumba yako. Ukavu wa Dodoma ni rafiki wa karatasi kuliko joto la unyevu la Dar, ambako chapa zinaota madoa ya kahawia ndani ya fremu. Maadui wa huku ni watatu: jua, vumbi na mchwa. Usitundike ukuta unaopigwa na jua la saa kumi jioni. Wekundu na njano ndizo zinazokufa mapema. Mwambie fundi wa fremu azibe mgongo wote kwa ubao mwembamba na utepe, vumbi la Septemba lisiingie. Bandika vipande vidogo vya kizibo kwenye kona za nyuma ili fremu isiguse ukuta, hewa ipite na njia ya mchwa ionekane mapema. Fremu ya mbao laini isiyotiwa dawa ni chakula. Mninga unagharimu zaidi lakini unastahimili. Na mwambie dada wa kazi asipanguse mchoro kwa kitambaa chenye maji, wala sabuni, hata akiuona mchafu. Brashi laini kavu, basi.

Ukibaki na hamu ya ule wa milioni 12, mpigie mwenye galari umwulize haya kwa maandishi: kazi ya ukubwa huohuo ya kijana huyu iliuzwa shilingi ngapi mwaka juzi na mwaka jana, amewahi kuonyeshwa wapi nje ya nchi na nani alimchagua, kuna taasisi au mkusanyaji anayejulikana aliyemnunua, na kama leo ningetaka kuurudisha, mngenipa ngapi? Swali la mwisho litamchekesha au kumkasirisha. Akikujibu yote bila kuzunguka, nitumie majibu yake tuyasome pamoja. Wakati huo fedha iache UTT, Mfuko wa Ukwasi, haitakaa bure.